Uaminifu wa Filamu kwa Kitabu Chake

Kila mara riwaya ya picha iliyokusudiwa watu wazima inapogeuzwa kuwa filamu, swali la kwanza linaloulizwa ni kama filamu hiyo imekuwa aminifu. Swali ni zuri. Kasoro iko katika namna ya kulijibu. Wengi huketi mbele ya filamu kama karani anayekagua stakabadhi: vazi hili limo, maneno yale yamo, picha ya ukurasa fulani imo, basi hesabu imetimia. Hesabu ya namna hiyo yaweza kutimia na mali yenyewe ikawa imepotea.

Hebu tutazame mfano wa Watchmen. Riwaya hii, iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, wote Waingereza, ilitolewa Marekani na kampuni ya DC Comics katika sehemu 12, kati ya mwaka 1986 na 1987. Kwa juu juu ni hadithi ya mashujaa wavaao vinyago. Kwa undani ni shtaka dhidi ya watu wanaojitwalia uwezo wa kuamua nani aishi na nani afe, pasipo kumwuliza mtu yeyote. Katika miaka ile ambapo mataifa makubwa yalikuwa yameelekezeana silaha za nyuklia, shtaka hilo halikuwa mzaha.

Filamu yake, iliyoongozwa na Zack Snyder, ilitoka mwaka 2009. Haki itendeke: Snyder hakuishusha kazi hiyo iwe mchezo wa watoto. Aliiacha iwe ya watu wazima, akaipa dakika 162, na mahali pengi aliifuata michoro ya Gibbons kwa uangalifu mkubwa. Kwa kipimo cha karani, ni vigumu kupata filamu iliyo aminifu zaidi.

Lakini tazama mwisho wake. Kitabuni, tajiri mmoja mwenye akili nyingi, Adrian Veidt, anaua mamilioni ya wakazi wa New York kwa kutumia kiumbe wa kubuni, ili mataifa yadhani yameshambuliwa kutoka nje ya dunia na yaache kupigana. Filamu ilimwondoa kiumbe huyo, ikaweka milipuko katika miji mbalimbali, na lawama akatwishwa Dr. Manhattan. Wapenzi wa kitabu walibishana sana juu ya badiliko hilo. Kwa maoni yangu, walikuwa wakigombania kivuli. Silaha yaweza kubadilishwa na hoja ikabaki pale pale.

Kilichostahili kugombaniwa ni maiti. Sehemu ya 12 ya kitabu inafunguliwa kwa kurasa sita mfululizo, kila ukurasa una picha moja tu, na zote zimejaa wafu. Wala wafu hao si wageni kwa msomaji. Miongoni mwa waliokufa yumo mwuza magazeti wa pembeni mwa barabara, na yumo kijana aliyezoea kuketi karibu naye akisoma hadithi ya maharamia bila kulipa. Kwa sehemu nyingi tumewasikia wakizungumza mambo ya kawaida ya maisha. Kwa hiyo Veidt anapodai kwamba ameiokoa dunia, msomaji anaijua bei, tena anawajua walioilipa. Katika filamu iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, wawili hao wanapita kama upepo. Mwanga unawameza, na pale palipokuwa na watu panabaki shimo. Mtazamaji anasikia habari za mamilioni lakini hamlilii hata mmoja. Mapigano ya mashujaa, kwa upande mwingine, yamepewa nafasi tele na mwendo wa polepole, hata ukatili uliolaaniwa kitabuni unaanza kupendeza machoni.

Linganisha na Persepolis. Marjane Satrapi, mzaliwa wa Iran aliyehamia Ufaransa, aliitoa riwaya hiyo kwa Kifaransa katika juzuu nne, kati ya mwaka 2000 na 2003. Ni habari ya maisha yake mwenyewe, tangu mapinduzi ya mwaka 1979 na vita vya Iran na Iraq. Filamu aliitengeneza yeye pamoja na Vincent Paronnaud, kwa michoro ya mkono iliyo karibu yote nyeusi na nyeupe, na mwaka 2007 ikapata Tuzo ya Jopo la Waamuzi huko Cannes. Ina dakika 95 tu. Mengi ya kitabuni hayamo. Lakini ami yake Anoosh yumo, pamoja na ndege mdogo aliyemfinyanga kwa mkate akiwa gerezani. Tunapewa muda wa kumpenda kabla hajauawa. Filamu hii imeacha mengi kuliko ile, na bado imekuwa aminifu kuliko ile.

Tofauti hii ina chanzo chake. Satrapi alikuwa na kauli juu ya kazi ya mikono yake. Moore aliahidiwa katika mkataba kwamba haki za kitabu zingerudi kwake na kwa Gibbons pindi kitakapoacha kuchapishwa. Wachapishaji hawakuacha kukichapisha. Gibbons aliiunga mkono filamu, lakini Moore alikataa jina lake lisiandikwe humo, na fungu lake la fedha akaagiza apewe Gibbons. Mwenye jasho akiisha kuwekwa kando, wanaobaki hukumbuka kwanza yale yanayouzika, na kifo cha mwuza magazeti hakiuziki.

Watengenezaji wa filamu wana haki ya kufupisha, kuhamisha na kubadili; sinema ina sheria zake. Haki wasiyokuwa nayo ni kuwafuta wale ambao kitabu kiliandikwa ili wasisahauliwe. Mwalimu anayewapa wanafunzi kitabu na filamu yake wavilinganishe asiridhike wakimletea orodha ya picha zilizofanana. Awaulize: katika hadithi hii, ni nani aliyeumia, na je, filamu imetuachia nafasi ya kumjua?