Arosto Ikiisha, Ugonjwa Haujaisha



Mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu ametuletea swali ambalo, kwa hakika, ni swali la nyumba nyingi za mwambao huu. Mwanawe ametumia unga kwa miaka minne. Mwenyewe aliomba afungiwe chumbani, na jamaa zake wakamfungia siku kumi. Alitapika, alitetemeka, alilia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Sasa ameinuka, anakula, na anakwenda msikitini. Mama anauliza: je, amepona? Anaweza kumrudisha dukani kwa baba yake na kumtafutia mchumba?

Tumeona ni wajibu wetu kumjibu kwa yale yaliyothibitishwa na utafiti wa tiba, kwani jibu hilo laweza kuokoa roho.

Tuanze na arosto yenyewe. Unga, yaani heroini, ni wa jamii ya afyuni. Mwaka 1973, Candace Pert na Solomon Snyder wa Marekani walionyesha kuwa ubongo una vipokezi ambavyo dawa za jamii hiyo hushikamana navyo. Mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz, waliokuwa Aberdeen huko Scotland, walieleza kuwa ubongo wenyewe hutengeneza kemikali za kutuliza maumivu zinazotumia vipokezi hivyo hivyo. Unga, basi, hukalia nafasi isiyo yake. Ukiletwa kila siku, mwili huuzoea na kudai zaidi. Na ile sehemu ya ubongo inayouamsha mwili huongeza bidii ili kushindana na uzito wa unga. Unga ukikatwa ghafla, bidii ile hubaki bila mpinzani. Hapo ndipo huja miayo, makamasi, machozi, vinyweleo kusimama, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi.

Kwa mtumiaji wa heroini, arosto huanza kabla ya siku kutimia tangu alipotumia mara ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi hutulia baada ya wiki moja hivi. Ni nadra kuua kwa yenyewe, lakini kutapika na kuharisha bila kurudishiwa maji kwaweza kuua. Kwa hiyo kumfungia mgonjwa mlango bila maji na bila mtu wa kumwangalia si tiba.

Sasa tufike kwenye swali la mama. Siku zile kumi zimeutoa unga mwilini, lakini hazikuondoa mambo mawili. La kwanza ni tamaa. Ubongo huchukua miezi mingi kurudi katika hali yake, na tamaa huamshwa na kichochoro, rafiki wa zamani au huzuni ya ghafla. La pili ndilo la kuogopwa zaidi: mwili umesahau mazoea yake. Kipimo alichokimudu mwezi uliopita, leo chaweza kumzimia pumzi.

Hili si dhana. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka gerezani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa takriban mara 13 ya hatari ya wakazi wengine, na sababu kuu ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya. Chumba kilichofungwa nyumbani hufanana na gereza kwa jambo hili. Vivyo hivyo kwa kijana aliyejizuia Ramadhani nzima: akirudia kipimo chake cha zamani siku ya Idi, yumo katika hatari ile ile.

Tiba ipo. Mwaka 1965, Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 22 waliopewa methadoni. Tamaa ilitulia, na wagonjwa wakaanza kurudi masomoni, kazini na kwa jamaa zao. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku na hukaa mwilini zaidi ya siku moja, hivyo mgonjwa hapandi kwa ulevi wala hashuki kwa arosto. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Hapa pwani kliniki yake ilifunguliwa Malindi mwaka 2015, na nyingine zipo Mombasa na Kwale.

Wapo wasemao kuwa huko ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Ni kweli methadoni ni ya jamii ya afyuni, na haifai kuachwa ghafla bila daktari. Lakini mwenye kisukari anayedungwa insulini kila siku hatumwiti mlevi wa insulini.

Kwa mama yetu tunasema: mshukuru Mola kwa hatua hii, kisha mpeleke mwanao kliniki wiki hii. Wafunze wa nyumbani dalili za kuzidisha: midomo kugeuka rangi, pumzi kuwa chache, kukoroma kusiko kwa kawaida, kutoamka akiitwa. Wakiziona, wamlaze ubavu, wasimwache peke yake, na wamkimbize hospitali. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayorudisha pumzi ikiwahiwa. Wasichelewe kwa kuogopa macho ya majirani.

Na kuhusu mchumba, ngojeni. Ndoa haikuwekwa iwe dawa ya unga, na binti wa watu ana haki ya kuambiwa ukweli kabla ya kuozwa. Waliotutangulia walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwenyezi Mungu awaponye vijana wetu na awape wazazi wao subira. Wabillahi tawfiq.