Tundu moja kwenye noti, dola mbili zimepotea

Wenye butike na depo wa Kalemie, leo naongea na ninyi, na sitazunguka.

Juma iliyopita nilimwona mama mkimbizi wa Katanika na noti ya dola kumi. Ilikuwa na tundu pembeni, dogo kama kichwa cha pini. Butike ya kwanza: « Mama, hii haitembei. » Ya pili vilevile. Mwisho akaiuza kwa mbadilisha-franga wa barabarani, akapewa ya dola nane.

Nikamuuliza muuzaji. « Kaka wa redio, mukubwa wa depo naye ataikataa kwangu. » Hapo ana haki kidogo. Lakini franga za Kongo zilizochakaa, zimeshikwa na skochi, yeye huyo anaturudishia kama chenji! Tundu kwenye dola ni kosa, franga iliyopasuka ni kawaida?

Kuna jambo hamjaona. Wakati wa vita ya Waluba na Watwa, 2016 na 2017, familia zilizokimbilia hapa zilipanga mstari, zikapokea bunga na mafuta waliyopewa. Kisha mashirika mengine yakaanza kutoa franga, hata kwa simu. Mwenye franga anachagua. Anauliza bei kambini, anauliza mjini, anapigia dada yake. Ninyi bado mnamwona kwenye ule mstari.

Ndiyo maana bei mnaisoma kwanza usoni mwa mtu. Sheria ya 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani inataka bei ionekane wazi. Nionyesheni butike ngapi zimeiandika.

Na kopo! Kopo la kupimia bunga limegongwa mpaka kitako kimeingia ndani, halafu mnaongeza kiganja kimoja juu, eti matabishi.

Mtaniambia vitu vinavyovuka ziwa kutoka Kigoma ni ghali, barabara ni mbaya, kodi ni nyingi. Kweli. Basi pandisheni bei, tuione, tukubali ama tukatae. Kumgongea mama kopo ni wizi, hata kama ziwa limechafuka.

Kule Katanika kuna mama mkimbizi anauzisha bunga mbele ya hema lake. Kabla ya kupima, analigeuza kopo uone kitako. Juzi nimekuta kwake watu watatu wa mjini, wamelipa pikipiki kwenda kununua huko.