Herufi moja tu kwenye jeni

Leo tuache kidogo mambo ya kompyuta, ingawa mtaona kwamba hatuendi mbali.

Mwezi Agosti 2025 FDA, wale wanaoidhinisha dawa kule Marekani, walipitisha dawa iitwayo dordaviprone, jina la dukani Modeyso. Humezwa mara moja kwa wiki. Ni ya watu wenye aina fulani ya saratani ya katikati ya ubongo, kuanzia watoto wa mwaka mmoja, ambao ugonjwa umeendelea baada ya matibabu ya kwanza. Sharti ni kwamba kipimo kionyeshe badiliko liitwalo H3 K27M.

Badiliko hilo, jamani, ni herufi moja! Kwenye jeni ya histoni, protini ambayo DNA hujizungusha juu yake kama uzi kwenye kibiringo, AAG imegeuka ATG. Basi seli inapoteza alama zinazozima jeni zisizotakiwa. Mwandishi wa programu yeyote anaelewa jinsi herufi moja inavyoweza kuharibu kila kitu. Halafu kuna wanaoliita K28M, kwa vile wao huhesabu kipande cha mwanzo cha protini ambacho baadaye hukatwa. Kumbe si sisi tu tunaozozana kama hesabu ianze na 0 au 1.

Uvimbe huu hukaa kwenye shina la ubongo, thalamasi au uti wa mgongo. Kisu hakiwezi kuutoa wote, na mionzi husaidia kwa muda tu.

Matokeo je? Kati ya wagonjwa 50, uvimbe ulipungua vya kutosha kwa 22%, yaani watu 11. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Wapo watakaosema FDA waliharakisha. Mimi nasema walifanya sawa. Idhini yenyewe ni ya masharti, utafiti mkubwa zaidi unatakiwa kuithibitisha, na kabla ya hapo wagonjwa hawa hawakuwa na dawa yoyote iliyoidhinishwa kwa ajili yao.

Kinachoniudhi ni vichwa vya habari vinavyotangaza "dawa ya saratani ya ubongo". Hapana! Mtu mwenye uvimbe usio na badiliko hilo hakuandikiwa dawa hii. Kumpa ni sawa na kurekebisha programu bila kusoma ujumbe wa kosa.

Kwa hiyo kwangu mimi habari kubwa ni kipimo, kisha dawa. Na kipimo hiki hakihitaji kila mara mashine ya kusoma DNA. Ipo rangi ya maabara inayoshika protini iliyobadilika kwenye kipande cha uvimbe, na mtaalamu huiona kwa darubini. Lakini kipande lazima kiwepo. Kuchukua kingine kutoka shina la ubongo ugonjwa ukisharudi ni hatari, kwa hiyo jamaa za mgonjwa waulize mapema, siku ile ile ya upasuaji wa kwanza: kipande kimehifadhiwa wapi, na kimepimwa nini?