Ami na Popobawa

Bwana Mhariri,

Ami yangu, mtu msomi na mwenye haiba, hadi leo ashikilia kwamba Popobawa, pepo wa usiku aliyewatoa watu vitandani Pemba na Unguja mwaka 1995 wakalala nje makundi makundi, alitumwa na wakubwa kuwatia hofu kabla ya uchaguzi wa vyama vingi wa Oktoba. Kumbishia mbele ya wanawe ni kumvunjia heshima na kumzidishia inadi. Afadhali, kwa rai yangu, kungoja ashike kikombe chake cha kahawa, nimwulize kwa adabu ni nani aliyeshuhudia. Hunijibu, "Waliojua, mwanangu, hawasemi," kisha tukazungumza bei ya karafuu. Dhana yake siikubali. Lakini dhulma alizoziona kwa macho yake, zilizoizaa dhana hiyo, sizikanushi.

Msomaji wako,
Wete, Pemba