Askari wa chuo si wa kufungua geti tu

Alfajiri ya 2 Aprili 2015, wanamgambo wa al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa, waliotangulia kupigwa risasi walikuwa walinzi wa langoni. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo vyuo vingi Kenya viliongeza ukaguzi: mifuko hufunguliwa, vitambulisho huonyeshwa.

Anayebeba mzigo huo ni askari mwenye rungu na tochi. Asubuhi anakagua mkoba wa profesa anayechelewa darasani na asiyependa kuulizwa chochote. Mchana anasikiliza kesi ya kompyuta iliyoibwa maktaba. Usiku wa manane anaamua ugomvi wa wapenzi hosteli, kisha anambeba mlevi hadi zahanati. (Kesho yake mlevi huyohuyo atamwita “soja” kwa dharau.)

Mgomo ukizuka ndipo utata huanza. Mwajiri wake ni chuo, lakini wanaorusha mawe ni vijana anaosalimiana nao kila siku. Akiwazuia, ni kibaraka. Akiwaachia, ni mzembe.

Sheria za kazi yake zipo. Tanzania, sheria inawatambua polisi wasaidizi, na baadhi ya vyuo vinawatumia. Kenya ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi mwaka 2016, inayodai walinzi wafunzwe na kusajiliwa. Karatasi ni nzuri. Lakini vyuo vikuu vinavyopeleka ulinzi kwa kampuni yenye bei ya chini kabisa visishangae mlinzi akisinzia: huenda anatoka zamu nyingine.