Kivu: Baada ya kupasuliwa mgongo, ganzi inaweza kupunguza njaa ya morfini

Mjini Goma, wasukuma chukudu na wabeba mizigo wa sokoni wanayajua maumivu yanayoanzia kiunoni na kushuka mguuni. Mara nyingi ni diski ya mgongo iliyochomoza na kubana mshipa wa fahamu. Wengi hupona bila kisu. Wanaopasuliwa huamka na shida nyingine: kidonda kinauma, mgonjwa anashindwa kugeuka kitandani, na anachelewa kusimama.

Dawa iliyozoeleka ni morfini. Lakini tume ya jarida la kiganga Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba, kati ya tani karibu 300 za dawa za jamii hiyo zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1. Ni kilo mia moja tu, kwa nchi zote hizo pamoja.

Ndiyo maana ganzi ya sehemu ina uzito zaidi huku kuliko Ulaya. Mbinu moja, iliyoelezwa mwaka 2016 kwa maumivu ya kifua, sasa inatumika pia kwa mgongo: anestezisti, akiongozwa na ekografi, anachoma bupivakaini chini ya misuli mirefu iliyo kando ya uti wa mgongo. Maumivu hupungua kwa saa kadhaa, na miguu kwa kawaida hubaki na nguvu. Hilo si jambo dogo. Damu ikivuja ndani na kubana mishipa, mguu kulegea ndiyo dalili inayomshtua mpasuaji, na ganzi inayolaza miguu yote inaweza kuificha.

Bupivakaini yenyewe si ngeni. Ndiyo inayotumika kwa akina mama wanaojifungua kwa kupasuliwa. Kinachokosekana ni ekografi ndani ya chumba cha upasuaji na mtu aliyefundishwa, maana dawa hiyo ikiingia kwenye damu kwa wingi inaweza kusimamisha moyo. Kufungwa kwa uwanja wa ndege wa Goma mnamo Januari 2025, M23 ilipouteka mji, kuliongeza ugumu wa kuleta vifaa.

Hata hivyo, hospitali isiyo na ekografi haina sababu ya kungoja. Mpasuaji anaweza kumwaga ganzi kwenye misuli kabla ya kushona kidonda, kisha wauguzi wakatoa parasetamoli kwa kufuata saa, bila kusubiri mgonjwa alie.