Brusela: Hasara isiyohesabiwa iko mgongoni kwa mfugaji

WAFUGAJI wengi wanapozungumzia hasara ya brusela, ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, huhesabu ndama waliopotea na maziwa yaliyopungua. Hesabu hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine iko kwenye mgongo, nyonga na magoti ya mfugaji mwenyewe.

Bakteria wa ugonjwa huu humwingia binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa, au pale mkono wenye mchubuko unaposhika kondo la nyuma la ng'ombe, mbuzi au kondoo aliyeambukizwa. Huanza kwa homa ya vipindi na jasho la usiku. Ukikawia kutibiwa hushambulia mifupa na maungio, hasa uti wa mgongo sehemu ya kiunoni, na mtu wa jembe na maziwa hawezi tena kuinama.

Tatizo la kwanza ni kwamba homa hupewa jina lisilo lake. Katika utafiti uliofanyika mwaka 2007 na 2008 kwenye hospitali mbili za Moshi, wagonjwa 870 walilazwa kwa homa na asilimia 60.7 kati yao wakaelezwa kuwa wana malaria. Vipimo vilionyesha malaria ndiyo iliyosababisha homa hiyo kwa asilimia 1.6 tu. Brusela ilikuwamo miongoni mwa magonjwa yaliyobainika.

Tatizo la pili ni dozi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza tangu mwaka 1986 doksisaikilini kwa wiki 6, pamoja na rifampisini kwa muda huo huo, au sindano za streptomaisini kwa wiki 2 hadi 3. Hesabu yake ni rahisi: vidonge 2 vya doksisaikilini kwa siku, kwa siku 42, ni vidonge 84. Anayenunua karatasi moja ya vidonge 10 dukani amepata dawa ya siku 5, tena dawa moja badala ya mbili. Homa hushuka, yeye hurudi zizini, bakteria hubaki.

Uchambuzi wa tafiti umeonyesha kuwa mpango wenye sindano hushindwa mara chache kuliko ule wa rifampisini. Lakini sindano ni ya kila siku, na kwa anayeishi mbali na zahanati nauli inaweza kuzidi bei ya dawa. Uti wa mgongo ukishashambuliwa, matibabu hufika miezi 3 au zaidi, na wengine huhitaji upasuaji. Ni rahisi pia kuudhania kifua kikuu cha mifupa. Hata waliomaliza dozi, wachache hurudiwa, mara nyingi ndani ya miezi 6, kwa hiyo kurudi kupimwa ni sehemu ya tiba.

Hapa kwetu binadamu hana chanjo ya brusela, ng'ombe anayo. Ile ya S19 hudungwa mara moja kwa ndama jike wa miezi 3 hadi 6. Idungwe na mtaalamu, maana ni chanjo hai na sindano ikimchoma mtu humwambukiza.

Vyama vya ushirika vya maziwa vimezoea kumkata mwanachama fedha za pembejeo katika malipo yake. Sioni kwa nini chanjo ya mtamba isiingizwe kwenye makato hayo hayo.